Stelingi Akivaa Koti Jeupe

Katika vibanda vya video, tangu Kibondo mjini hadi Kasulu, ipo sheria moja ambayo kila mtoto aliyewahi kulipa kiingilio anaijua: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba ilipuliwe naye akiwa ndani, wewe subiri tu, atatokea. Wanaokufa ni maadui, pamoja na wale jamaa wa pembeni ambao hakuna anayeshika majina yao. Ndugu msomaji, usiicheke sheria hii. Ukiitazama vizuri utaona kwamba inauliza swali ambalo kila mwandishi wa hadithi lazima alijibu kabla hajaandika neno la kwanza: nani kati ya watu hawa wote maisha yake ni ya thamani kiasi kwamba hadithi haiwezi kwenda bila yeye? Kwa kipimo hicho nataka kuitazama tamthilia moja ya televisheni, ER, na safari ya kazi ya mwigizaji wake, Noah Wyle. Nimeichagua kwa sababu ilifika mpaka kwa majirani zetu, Kongo, na ilipofika ilibidi imchague stelingi.

Kwa wasioifahamu, ER ilikuwa tamthilia ya Kimarekani kuhusu madaktari na manesi wa hospitali ya umma ya kubuni mjini Chicago. Herufi hizo mbili ndizo Wamarekani wanazotumia kwa kifupi kutaja chumba cha wagonjwa wa dharura. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC tarehe 19 Septemba 1994, ikamalizika tarehe 2 Aprili 2009, baada ya misimu 15 na sehemu 331. Sehemu 331, bwana! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza, siku ya mwisho alikuwa yuko sekondari.

Hebu tuutazame huo mwaka 1994 kutoka huku kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ndiyo kwanza vituo vya kwanza vilikuwa vinafunguliwa, tena Dar es Salaam. Huku nyanda za juu za Kigoma hakuna aliyekuwa anatazama tamthilia ya madaktari. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alikuwa ameuawa, na watu walikuwa wanavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu na watoto mgongoni. Aprili 1994 Wanyarwanda robo milioni hivi walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Miaka hiyo majina kama Mtendeli, Kanembwa, Nduta na Mkugwa yaliacha kuwa majina ya mahali tu, yakawa majina ya kambi. Kwa hiyo vyumba vya dharura tulikuwa navyo. Vilikuwa chini ya maturubai, na hapakuwa na kamera.

Aliyeibuni ER ni Michael Crichton, mwandishi wa riwaya ambaye alihitimu udaktari chuo kikuu cha Harvard mwaka 1969 kisha akaacha kabisa kutibu watu ili aandike. Mwaka 1974 aliandika mswada wa filamu kuhusu saa 24 ndani ya chumba cha dharura, kutokana na aliyoyaona akiwa mwanafunzi. Mswada ule ulikaa kwenye makaratasi karibu miaka 20. Wagonjwa walikuwa kibao, visa vingi vinakwenda kwa pamoja, na madaktari wanasema maneno ya kitaalamu ambayo hakuna anayejisumbua kumweleza mtazamaji. Mwongozaji Steven Spielberg alipouchukua, wakiwa bado wanauzungumzia, akasikia kwamba Crichton anaandika riwaya kuhusu dinosaria. Basi, mswada wa hospitali ukawekwa kando, ikatengenezwa Jurassic Park, filamu iliyotoka mwaka 1993. Baada ya hapo ndipo watu wakakumbuka kwamba kuna ule mwingine.

Nawaambia haya wenzangu mnaotembea na madaftari kwenye mifuko ya plastiki. Yale yaliyoonekana makosa ndiyo yaliyoifanya ER ipendwe. Haikusimama kutafsiri. Kamera ilitembea na machela kutoka mlangoni, ikamwacha mgonjwa huyu ikamfuata daktari yule, ikageuka kona, na mtazamaji akajikuta anakimbia nayo. Na katika chumba cha waandishi walikaa madaktari wa kweli. Joe Sachs alikuwa daktari wa dharura, Neal Baer alikuja kuwa daktari wa watoto. Mwaka 1997 walithubutu kuicheza sehemu moja moja kwa moja hewani, bila kurekodi, tena mara mbili usiku ule ule, kwa sababu ya tofauti ya saa kati ya mashariki na magharibi ya nchi yao. Mimi nimeitazama sehemu ile kwenye kompyuta ya rafiki, picha yenyewe imechoka, na bado ilinikausha mate.

Sasa tumtazame huyo Noah Wyle. Alizaliwa Hollywood kwenyewe mwaka 1971, na mama yake alikuwa nesi wa mifupa. Alipoanza ER alikuwa na miaka 23, na alipewa nafasi ya John Carter, mwanafunzi wa udaktari mwenye tai iliyonyooka, mtoto wa tajiri, anayezimia roho mbele ya damu. Hakuwa stelingi hata kidogo. Stelingi alikuwa Anthony Edwards, aliyeigiza Daktari Mark Greene, na aliyekuwa anapendwa na akina dada wa dunia nzima ni George Clooney. Carter alikuwa pale ili sisi tusiojua kitu tuwe na mtu wa kujifunza naye. Hii ni mbinu ya zamani, hata ngano za bibi zetu zinayo: mwingize mgeni nyumbani, naye atauliza maswali ambayo msomaji anaona haya kuyauliza.

Lakini wenzake waliondoka mmoja mmoja. Clooney aliondoka mwaka 1999 kwenda kwenye filamu kubwa. Mwaka 2000 Carter alichomwa kisu na mgonjwa mwenye kichaa ndani ya hospitali, mwanafunzi wake wa kike akafa, yeye akapona na kubaki mtumwa wa dawa za maumivu. Mei 2002 wakafanya lile ambalo kwenye kibanda cha video lingesababisha watu kudai kiingilio chao: stelingi akafa. Daktari Greene alikufa kwa uvimbe kwenye ubongo, taratibu, bila risasi wala mlipuko. Aliyeachiwa chumba cha dharura alikuwa yule kijana wa tai. Ilimchukua miaka minane kutoka kuwa mtu wa pembeni hadi kuwa nguzo ya nyumba.

Na huyu stelingi mpya ndiye waliyemleta Kongo.

Sehemu ya mwisho ya msimu wa 9, iliyoonyeshwa Mei 2003, iliitwa kwa jina la mji wa Kisangani. Carter anakwenda huko kumfuata mwenzake, Daktari Luka Kovač, aliyeigizwa na Goran Visnjic kutoka Kroatia, nao wanatibu watu chini ya shirika la kubuni katikati ya vita. Msimu uliofuata habari inafika Chicago kwamba Kovač ameuawa. Carter anarudi kumtafuta maiti, anamkuta hai, akiwa hoi kwa malaria. Carter akabaki Kongo kwa muda, akampenda Kem Likasu, mwanamke mwenye asili ya Kongo anayehudumia wagonjwa wa UKIMWI, aliyeigizwa na Thandiwe Newton, Mwingereza ambaye mama yake ni Mzimbabwe. Miti tunayoiona ni ya Hawaii, maana huko ndiko walikopigia picha.

Nataka kuwa mwenye haki. Mwaka 2003 magazeti ya Marekani yalijaa Irak. Vita vya Kongo vilikuwa vimekula watu kwa miaka mitano, majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani mwaka 1999 na tena 2000, mabomu yakiangukia nyumba za watu wasiohusika, na Mmarekani wa kawaida hakuwa na habari. Tamthilia ikaja ikamwonyesha, akiwa kwenye kochi lake, jioni ya Alhamisi. Si jambo dogo. Na watengenezaji hawakuigeuza Kongo kuwa mbuga ya wanyama, wala hawakuwaweka watu wachezacheze ngoma.

Lakini itazame kwa sheria ya kibanda. Anapougua Kovač, saa nzima ya tamthilia inasimama. Ndege zinatafutwa, rafiki anavuka bahari, fedha zinatoka, machozi yanatoka. Wakongo waliougua malaria ile ile katika sehemu zile zile wanapita kwenye machela, mmoja anapona, mwingine anafunikwa shuka, kamera inageuka kona. Sisemi waandishi walikuwa wabaya. Nasema mbinu yao yenyewe, ile nzuri niliyoisifu, iliwasaliti. Kamera inayomfuata daktari kila anapokwenda haina budi kumwacha mgonjwa kila daktari anapomwacha. Mjini Chicago hilo halionekani sana, kwa sababu mtazamaji ni wa huko huko na mgonjwa anaweza kuwa jirani yake. Kilichoachwa anakijaza mwenyewe. Kongo, mtazamaji yule hana cha kujazia. Basi Mkongo anabaki jeraha, na jeraha linabaki somo la kumkomaza Carter.

Nasi tunaokaa huku tuna cha kujazia, tena tele. Tangu mwaka 1996 watu wa Uvira na Fizi walivuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili yao. Miongoni mwao walikuwa manesi, walimu, wakunga na wafamasia. Katika kambi zetu wakimbizi wenyewe walifanya kazi kwenye zahanati kwa posho ndogo, wakitibu watu waliokimbia nao. Huyo ni mhusika, jamani! Nesi aliyeacha hospitali yake inaungua, akavuka ziwa na mtumbwi, akafika ng'ambo akakabidhiwa thamometa kesho yake. Angekuwa kwenye ER angepewa sekunde tano za kushika chupa ya dripu.

Na kuhusu malaria, sisi hatuhitaji Hawaii. Utafiti wa taifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza Tanzania Bara: karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea mwilini. Mwaka ule Kovač anaugua kwenye televisheni wazazi wetu walikuwa wanameza SP. Hiyo dawa mseto tunayoijua ilianza kutolewa kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007. Hakuna nyumba huku isiyo na hadithi ya usiku wa homa, baiskeli, na kilima.

Je, sisi hatukuwahi kutengeneza tamthilia yetu ya maradhi? Tulitengeneza, tena ilitangulia ER kwa mwaka mzima na zaidi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, na mtu mkuu ndani yake hakuwa daktari. Alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke wake Tunu nyumbani na wanawake wengine kila kituo. Watu walimpenda Mkwaju kwa jinsi tunavyowapenda masela wa mtaani, wanaokera na kuchekesha kwa pamoja. Halafu Mkwaju akapata UKIMWI. Akaugua. Akafa. Miaka ile ugonjwa wenyewe ulikuwa unaitwa kwa mafumbo, na redio ya taifa ikamwua stelingi wake masikioni mwa nchi nzima, miaka kabla Chicago hawajathubutu kumwua wa kwao.

Nchi nzima nimesema, lakini Dodoma hawakuusikia. Waliachwa makusudi kwa miaka miwili, kituo cha huko kikirusha vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Dodoma ikaupata mwaka 1995. Matokeo yalionyesha kwamba penye mchezo watu walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Mimi kama mwandishi huwa namfikiria mtu wa Dodoma wa mwaka 1994, dereva kama Mkwaju, ambaye hadithi yake ilikuwa inasimuliwa Mwanza na Mbeya naye haisikii. Sijawahi kukutana na hoja nzito kuliko hiyo kwamba hadithi ni kitu cha lazima, wala iliyonisumbua usingizi kama hiyo.

Mstari huo wa Mkwaju uliendelea kwenye televisheni. Mwaka 2009 ilitoka Shuga, iliyopigiwa picha Nairobi, kuhusu vijana, mapenzi na virusi. Ndani yake alikuwamo Mkenya Lupita Nyong'o, akiigiza Ayira, msichana anayejua anachokitaka. Machi 2014, miaka mitano haijatimia, Lupita alishika tuzo ya Oscar mkononi kwa filamu nyingine kabisa, 12 Years a Slave. Nalitaja kwa sababu vijana wengi hudhani michezo ya afya ni ya kutunga kwa amri ya wafadhili, isiyoweza kumkuza msanii. Kweli mingine ndivyo ilivyo, inanuka semina kutoka mbali. Shuga haikunuka hivyo.

Wyle yeye alichelewa zaidi. Kwa ER aliteuliwa kugombea tuzo ya Emmy mara tano, hakupata hata moja. Aliacha kuwa mwigizaji wa kudumu mwaka 2005, Carter akiwa amehamia Afrika kwa Kem. Mwaka 2006 akaonekana tena akitibu watu Darfur. Katikati ya 2011 na 2015 alipigana na viumbe wa anga katika Falling Skies, kazi ambayo nadhani ilimlisha kuliko ilivyomkuza. Lakini kabla ya hapo kuna jambo lililotokea msimu wa mwisho wa ER, mwaka 2009, ambalo kwangu lina thamani kuliko vita vyote vya anga. Carter alirudi Chicago akiwa mgonjwa. Figo zimeshindwa. Anakaa kwenye mashine, anasubiri figo ya mtu mwingine, anasubiri kama wanavyosubiri watu wote. Ilibidi daktari alazwe ndipo kamera ikakaa kitandani.

Mwaka 2020, wakati wa Uviko, wahudumu wa afya walimwandikia Wyle barua nyingi, wakimweleza wanayoyapitia kama vile wanamwandikia daktari mwenzao. Fikiria hilo: manesi waliochoka wanamtafuta mtu wa kumlilia, wanamwona huyu ambaye hajawahi kumchoma sindano mtu yeyote. Kutokana na hilo, Januari 2025 ilianza The Pitt, yeye akiwa stelingi wa kweli sasa, Daktari Robby, katika chumba cha dharura mjini Pittsburgh. Msimu mzima wa kwanza ni zamu moja, sehemu 15, kila sehemu saa moja ya zamu. Joe Sachs yumo tena kati ya waandishi, na Wyle mwenyewe aliandika baadhi ya sehemu. Mjane wa Crichton alifungua kesi mwaka 2024 akidai kwamba ni ER iliyobadilishwa jina; wao wakakana. (Waandishi chipukizi, someni mikataba.) Septemba 2025, miaka 31 baada ya ile tai iliyonyooka, Wyle alipata Emmy ya mwigizaji mkuu.

Kinachonivutia katika The Pitt ni kwamba watu wanasubiri. Ukumbi wa kusubiria umejaa, mtu amekaa saa nane, anakasirika, anaondoka. Wameanza kuona kwamba hadithi ya hospitali iko pia kwenye benchi. Hapo wanakaribia kufika kwetu, maana sisi benchi ndilo tunalolijua.

Mtendeli ilifunguliwa upya Januari 2016, baada ya Warundi kukimbia machafuko ya 2015 na Nyarugusu kufurika. Desemba 2021 ikafungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Katika miaka hiyo yote, kambini na katika vituo vya afya vya vijiji vya jirani, alikuwapo mtu ambaye sijamwona katika sehemu 331 za ER wala katika mchezo wowote wa kwetu. Ni mkalimani. Sisi Waha tunaelewana na Warundi bila shida, lugha ni ndugu. Lakini tabibu akitoka Moshi au daktari akitoka Ulaya, lazima katikati akae mtu. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja, mlango wazi, nikasikiliza. Mama anaeleza dakika nzima kwa Kirundi: nyumba, usiku, mume aliyerudi kuchukua mbuzi na hakuonekana tena, na tangu siku hiyo kifua. Mkalimani, kijana wa rika langu, anamgeukia tabibu na kusema, "Anasema moyo unamwenda mbio." Tabibu anaandika. Foleni ni ndefu, na yule kijana hakudanganya. Alichagua.

Kijana yule nimempa jina la kubuni na nimemwandikia kurasa 40 hadi sasa. Kamera yangu haitoki kwenye kiti chake: mgonjwa anaingia, tabibu anabadilika, maneno yanapita kinywani mwake, na yale asiyoyatafsiri anarudi nayo nyumbani jioni kwa miguu. Ukurasa wa 38 ameanza kupata homa. Sijaamua kama atapona.